Jinsi ya kutumia "poa" bila kuteleza

"Mambo?" "Poa." Salamu hii ya maneno mawili mtu hujifunza kwa dakika moja. Kinachosumbua ni mahali pa kuitumia, na namna neno lenyewe linavyogeuka maana likiongezewa kiambishi.

Kabla ya kuwa salamu, "poa" ni kitenzi. Uji ukiachwa mezani unapoa, na mwenye homa akipata nafuu naye hupoa. Maana hizo mbili zimeshikana katika lugha nyingine za Kibantu pia: Kizulu kina phola, Kishona kina pora, na kote huko ni kupoa na kupona. Kiingereza nacho kimeutoa uzuri kwenye ubaridi kwa neno "cool", na huenda kililisukuma kidogo neno letu, lakini mbegu ilikuwa hapahapa. Sikiliza tu mtu aliyepewa pole: "Nimeshapoa." Jibu hilo si la vijana, wazee wanalo.

Sasa matumizi. Kwa Tanzania swali la kawaida ni "Mambo?" au "Mambo vipi?", kwa Kenya utasikia zaidi "Sasa?" na "Niaje?". "Poa" hujibu yote hayo. Ukitaka kubadilisha, una "safi", "freshi", "fiti" (hili Wakenya wanalipenda zaidi) na "shwari", neno la bahari iliyotulia ambalo Zanzibar na pwani nzima halikauki mdomoni. Ukishajibu, rudisha salamu: "Poa, za kwako?" au "Poa, vipi wewe?" Ukiishia kwenye "poa" na kunyamaza, mwenzako ataona una haraka au umekasirika. Kujibu "Mazuri" si kosa la sarufi, maana mambo ni mazuri kweli, ila kunasikika kama darasani.

"Poa" haijibu salamu zote. "Hujambo?" jibu lake ni "Sijambo". "Shikamoo" jibu lake ni "Marahaba", hakuna njia ya mkato. "Habari za leo?" kwa mtu wa rika lako unaweza kuijibu "poa", kwa mwalimu, mkwe au mkubwa wa kazi, sema "nzuri". Kuna hali moja inayowachanganya wengi: mtu mzima anakuanza yeye kwa "Mambo!" Anakuchangamkia tu, hajafuta umri wake. Mjibu "Poa, shikamoo", au anza na shikamoo moja kwa moja. Ukimrudishia "Poa, mambo?" huenda akacheka, lakini waliokaa pembeni hawatacheka.

Kisha sarufi, ambayo ndiyo huangusha watu. "Poa" ya mtaani haibebi kiambishi cha ngeli: watu poa, kiti poa, maneno poa. Hukaa pia baada ya kitenzi (tunaishi naye poa) au baada ya "ni" na "-ko". Ukiivalisha "-me-", imerudi kuwa kitenzi cha zamani, na sifa inageuka malalamiko. "Chai iko poa" ni chai nzuri. "Chai imepoa" inataka kurudishwa jikoni. "Biashara iko poa" maana yake wateja wapo. "Biashara imepoa" maana yake umekaa unafukuza nzi. "Juma yuko poa" ni mzima na hana tatizo, ila "Juma amepoa" utaulizwa kwa nini, kwa sababu umesema amenyong'onyea. Kwenye kukanusha mambo yanapinduka tena: mtu "hapoi" ni sifa ya aliyechangamka muda wote, na Watanzania hupenda kuimalizia kwa mizani, "hapoi, haboi".

Tahadhari kubwa kuliko zote: nchini Tanzania "dada poa" ni mwanamke anayeuza mwili, na "kaka poa" ni mwanamume afanyaye hivyo. Hata magazeti huandika hivyo. Kwa hiyo "mtu poa", "jirani poa", "mwalimu poa" ni salama kabisa, lakini ukitaka kumsifu dada wa rafiki yako, panga upya sentensi: "dada yako yuko poa", au "dada yako ni mtu poa". Neno lilelile, likikaa nyuma ya "dada" bila kitu katikati, ni tusi.

Kukubali jambo ni rahisi. "Tuonane saa 2 usiku." "Poa." Kwa bosi aliyekupa kazi, "sawa" inakaa vizuri zaidi; "poa" inamfanya aonekane mshikaji wako. Msibani liache kabisa, hata kwa rafiki. "Niko poa" nayo hukataa kwa adabu: ukikaribishwa chakula ukasema "niko poa", umeeleweka kwamba umeshiba au huhitaji, wala hakuna aliyedhani unatoa taarifa ya afya.

Kwenye ujumbe wa simu, "poa" peke yake baada ya maelezo marefu ya mtu husomeka kavu. "Poa poa" au "poa sana" hulainisha. "Poa tu" itumie ukijua kwamba "tu" hiyo huacha mlango wazi: anayekufahamu anaweza kuuliza kuna nini.

Wageni mara nyingi hufundishwa "poa kichizi kama ndizi", na kweli inachekesha. Isikike mara moja, ilete kicheko, kisha rudi kwenye "poa" ya kawaida. Ukiirudia kila asubuhi kwa muuza vocha yuleyule, ataanza kukuwahi yeye kuisema.