Somo: Kuifuata eka tatu moja kwa miaka hamsini, kutoka angani

Assalaam alaykum wanachama. Mashamba yetu yanageuka viwanja na wengi mmeuliza jinsi ya kuyaonesha mabadiliko hayo kwa picha. Nitatumia kipande kimoja tu: eka tatu aliyopewa babu yangu baada ya Mapinduzi, upande wa Mwera, Unguja. Ukiweza kufuata kipande kimoja, shehia nzima itakuwa ni kazi ya kurudia.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kushusha picha

Eka tatu ni kama mita za mraba 12,140. Picha za Landsat ya kwanza, satelaiti ya Marekani iliyorushwa 1972, hutolewa kwa pikseli (vile viraba vidogo vinavyounda picha) zenye upande wa mita 60, kwa hiyo shamba zima la babu linaingia pikseli tatu na kidogo. Kwa Landsat 5 ya 1984, mita 30, unapata kama 13. Kwa Sentinel-2, satelaiti ya Ulaya iliyoanza 2015 kwa mita 10, unapata kama 121. Basi usiiulize picha ya 1973 kama mnazi fulani ulikuwepo. Iulize kama bonde lote lilikuwa mpunga au kichaka. Minazi mmoja mmoja utaihesabu kwenye picha za droni, zile ambazo Kamisheni ya Ardhi na wanafunzi wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) walianza kuzipiga 2016.

Landsat ni bure kwa kila mtu tangu 2008.

Hatua ya 2: Linganisha msimu na msimu wake

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, nami niliharibu. Nilichukua picha ya Februari, kaskazi imekausha kila kitu, nikailinganisha na ya Juni ya miaka mingi baadaye, masika yametoka kumalizika. Kijani kikaonekana kimerudi kila pahala. Nikawaeleza wazee kwamba vichaka vya maweni (ardhi ya mawe) vimepona. Mzee mmoja akaniuliza: “Mjukuu wangu, hicho ulichokipima si mvua?” Alisema kweli, na takwimu zangu zilikuwa zimeshasomwa mbele ya watu. Nilirudi kuziondoa.

Chagua Januari na Februari kwa miaka yote, au Julai hadi Septemba kwa miaka yote. Wakati wa masika mawingu hayakuachii kitu. Picha za pande zetu za miaka ya 1980 na 1990 ni chache, kwa hiyo utakayoipata safi itunze. Picha za Landsat 7 baada ya tarehe 31 Mei 2003 zina michirizi mitupu, takriban asilimia 22 ya kila picha imepotea.

Ukifanya kazi ya pwani, angalia pia maji. Mikoko wakati wa bamvua, maji yamejaa, huonekana pungufu kuliko ilivyo.

Hatua ya 3: Ipandishe picha ya ndege ya zamani juu ya ramani

Ukipata picha ya zamani iliyopigwa kutoka kwenye ndege, iskani, ifungue kwenye QGIS (programu ya bure ya ramani), kisha weka alama zinazoonekana kwenye picha ya zamani na ya sasa. Alama bora kwetu ni mbuyu. Haukuhama na umri wake unatushinda sote. Misikiti ya zamani na njia panda za barabara kuu pia zinafaa. Ufukwe na vijia vya miguu viache, vinahama. Weka alama kumi au zaidi na zienee hadi pembeni. Pemba ongeza, kwa sababu vilima na mabonde huipinda picha.

Ramani zetu nyingi za zamani zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba, na simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukizichanganya bila kugeuza, shamba linahama kama mita 300.

Hatua ya 4: Soma kwa majina ya kwetu

Kompyuta ikiona kijani kizito inasema msitu. Lakini msitu wa Jozani si sawa na shamba la mikarafuu. Kwenye picha ya ndege mnazi una umbo la nyota, mwembe ni duara kubwa, mikarafuu imepangwa mistari. Gawa ardhi kwa majina wanayoyatumia wakulima: maweni, bonde la mpunga, konde la muhogo, minazi, mikarafuu.

Hatua ya 5: Nenda kwa miguu

Ramani mbili zenye usahihi wa asilimia 85 kila moja, ukizitoa tofauti, unaweza kubaki na usahihi wa asilimia 72 tu (0.85 × 0.85), kwa hiyo nenda ukahakikishe. Kwenye eka tatu ya babu nilihesabu mapaa kumi na moja. Nilipofika, mawili yalikuwa mabanda ya kuku.

Maswali ya wanachama

Mkulima, Micheweni: Mwalimu, maji ya chumvi yameingia bondeni kwetu. Satelaiti itayaona?
Jibu: Chumvi yenyewe huioni, ndugu yangu. Utaona mpunga unaofifia. Fuata Sentinel-2 mwezi ule ule kila mwaka, mpunga ukiwa umesimama, kisha uliza wenyeji ni bamvua ipi iliyovuka tuta.

Mama wa mwani, Paje: Na mashamba yetu ya baharini?
Jibu: Yanaonekana, bibie, maji yakiwa yamekupwa: viraba vyeusi vyenye kingo zilizonyooka. Majani ya bahari hayana kingo hizo. Ila mwani huvunwa baada ya wiki chache, hivyo picha moja inaweza kukuta kamba tupu.

Mwanafunzi, Tunguu: Tuna kesi ya mpaka na jirani. Nipeleke ramani ya Landsat?
Jibu: Usipeleke. Pikseli moja ni mita za mraba 900, inameza kiwanja kizima. Nenda na hati, mpimaji, na wazee wanaojua mti upi ulikuwa mwisho wa shamba la nani. Ukipata picha ya ndege ya zamani inayouonesha mti huo, hiyo ichukue.