Somo: Vidonge vya kumpa nguvu mgonjwa wa saratani aliye kwenye matibabu

Swali la "nimpe vidonge gani apate nguvu" nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Mimi si daktari, nilimuuguza mama.

Hatua ya 1. Apimwe wingi wa damu kwanza.

Hatua ya 2. Ale kidogo kidogo mara nyingi: uji, mayai, maharage, samaki.

Hatua ya 3. Daktari wake wa saratani au mfamasia akione kila kidonge kabla hakijamezwa. Hapa ndipo nilipoharibu. Mama alikuwa akimeza kapesitabini, dawa ya saratani ya vidonge, nami nilipomwona anashindwa hata kufika uani, nilikwenda duka la dawa nikamnunulia vidonge vya kuongeza damu, vile wanavyopewa wajawazito, bila kujua kwamba pamoja na madini ya chuma mna asidi ya foliki, ambayo huweza kuzidisha madhara ya dawa ile. Mdomo ulijaa vidonda, akaharisha, viganja vikachunika, na matibabu yakasimamishwa. Mfamasia ndiye aliyeng'amua, baada ya kusoma pakiti niliyoitoa mkobani. Bebeni pakiti zenyewe, msitaje majina kwa kukumbuka. Wala msiige cheti cha jirani, kwa kuwa zipo dawa nyingine za saratani ambazo daktari huagiza asidi hiyohiyo iandamane nazo.

Hatua ya 4. Atembee kila siku kadiri awezavyo. Mazoezi mepesi yana ushahidi mkubwa kuliko kidonge chochote ninachokijua.

MASWALI

— Nitajie jina la kidonge tu, sina muda wa kusoma yote.

Hatua ya 3, ndugu.

— Mlonge ni wa asili. Mbona mnatutisha?

Sikusema ni sumu. Chai ya kijani nayo ni ya asili, na wanaotibiwa kwa bortezomibu, dawa nyingine ya saratani, huambiwa waepuke vidonge vya chai hiyo. Muulize daktari wake, usiniulize mimi.

— Dada yangu ameandikiwa chuma na daktari wake, naye humeza kwa chai ya asubuhi. Je, chai inahusika na damu kutopanda?

Umeuliza vizuri. Chai huzuia chuma kufyonzwa, na maziwa vilevile. Ameze kwa maji au juisi ya chungwa, chai ingoje kwa muda wa saa mbili hivi. Balungi aliache, maana huvuruga baadhi ya dawa za saratani. Choo kikiwa cheusi kwa sababu ya chuma, asishtuke, ila amtajie daktari, na amweleze pia kwamba damu haipandi, kwa kuwa huenda tiba yenyewe ndiyo inayoishusha.

— Mgonjwa wetu kila chakula kilimpa ladha ya chuma mdomoni. Tulipobadilisha kijiko tukaweka cha mti, uji ulianza kupita.

Ahsante, mama. Wetu alikubali uji uliopoa tu. Wa moto ulimtonesha vidonda.