Kurudi Lubumbashi mu ekonomi: vile ya kujipanga mpaka ufike Luano, uwanja yetu ya ndeke

Ba ndugu na ba dada bote muko Ulaya na kwingine, nimefika nyumbani juma hii, niko hapa Kampemba, valizi iko wazi pa chini na bana ba yaya banachagula bintu byao, na nimeona niandike hii mbele nisahau. Juu mu ndeke nilikala karibu na mama moja wa Katuba, ilikuwa mara yake ya kwanza kurudia nyumbani toka miaka 9, na njia yote alikuwa na woga ya bintu byenye mutu angemuelezea mu dakika 10 tu. Kampuni kubwa ya ndeke inakupatia haki mingi hata mu ekonomi, ile kiti ya bei chini, lakini haikufwate na kukuambia, weye njo unapashwa kujua na kulomba.

Tuanze na biye. Nunua biye moja, namba ya rezervasio moja, toka kule uko mpaka Lubumbashi. Tafazali sana kwa hii. Mwaka moja nilinunua mbili, ya kwanza mpaka muji wa kubadilishia ndeke, ya pili mpaka Luano, juu niliona nachunga euro 110. Ndeke ya kwanza ikachelewa masaa 4, ya pili ikaenda bila miye, na ku kontwari bakaniambia kwao miye ni mutu mwenye hakufika, basi. Nililala pa kiti usiku mbili na nikalipa biye mupya nzima. Kama ingekuwa biye moja, kampuni njo ingetafuta namna ya kunifikisha, na chakula na pa kulala ingekuwa juu yake.

Kwetu njia za kawaida ni Ethiopian kupitia Addis Ababa, Kenya Airways kupitia Nairobi, ao Johannesburg na Airlink. Kuna bantu banashukia Ndola upande wa Zambia kisha banapanda gari mpaka Kasumbalesa na kuingia. Kwa kijana mwenye begi moja ni sawa, lakini na watoto ao muzee, mupaka na mizigo vitakumaliza, mi na mama yangu sipiti kule.

Sasa kilo, hapa njo machozi mingi. Angalia mu biye yako kama kumeandikwa 1PC ao 2PC, maana yake valizi moja ao mbili, na kila moja kwa kawaida haipiti kilo 23 mu ekonomi, na ukijumlisha urefu, upana na kimo isipite sentimeta 158. Usisikilize mutu anakuambia "kwa Afrika ni mbili kila mara", bei ya chini kabisa mara ingine iko na moja, na kulipia ya pili pale ku kontwari ni ghali kuliko kuilipia mbele mu intaneti. Nunua kale kabalansi ka mukono, haipite euro 10, pima nyumbani, acha kilo moja wazi juu balansi yako na ya kule habasikilizane kila siku. Na kama valizi moja iko na 27 na ingine 18, usingoje ufike mbele ya bantu uanze kufungula na kutoa manguo ya ndani pale chini, nimeona mama mukubwa analia juu ya ile haya, panga nyumbani. Begi ya mukononi nayo inapimwa, Ethiopian ni kilo 7, Kenya Airways 12, kwa hiyo bintu bizito kama vitabu tia mu valizi.

Mu begi ya mukononi kunakaa bintu bine bila mazungumuzo: dawa, karatasi zote, bintu bya zahabu na makuta, na pawabanki. Pawabanki mu valizi ni marufuku, batafungula valizi ao bataiacha. Ile yenye imeandikwa 20,000 mAh iko na nguvu ya karibu 74 Wh, iko chini ya mupaka wa 100 Wh, inapita. Vya maji maji, pafyumu na mafuta, kila chupa isipite mililita 100, chupa kubwa zote valizini. Kuhusu dawa naongea na uchungu: nilikuwa nimetia dawa ya presha ya mama mu valizi, valizi ikabaki njiani siku 3, na zile siku 3 tulizunguka ma farmasi ya muji mzima kutafuta ile ile. Toka siku ile dawa haitoke mu mukono yangu.

Karatasi: karte ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano inalombwa ku Kongo, na inalombwa hata kule unaanzia safari. Toka tarehe 11 mwezi wa 7, 2016, ile chanjo inatumika maisha mzima, kwa hiyo karte ya zamani yenye imeandikwa miaka 10 iko bado muzuri, usilipe mutu akikuambia imeisha. Kama ni chanjo mupya, inaanza kuhesabiwa kisha siku 10, basi usiende siku ya mwisho. Na ba ndugu bale balikamata pasiporo ya Ubelgiji ao ya Ufaransa, mukumbuke Kongo haikubali uraia mbili, utaingia sawa mugeni, unapashwa viza. Bengi banajua hii pa kontwari, na pale iko too late.

Ukitoa valizi, usiache kontwari mbele ya kusoma ile karatasi banafunga ku mukono ya valizi. Inapashwa kuwa FBM, ile njo Lubumbashi. Kama ni FIH, valizi inaenda Kinshasa, na toka Kinshasa mpaka kwetu ni mbali kuliko bantu ba Ulaya banavyofikiri. Kama inaishia ADD (Addis Ababa) ao NBO (Nairobi), uliza kwa heshima, "madame, hii inafika mpaka Lubumbashi?", na ungojee jibu. Piga foto ya valizi na ya ile karatasi. Ndani ya valizi pia tia karatasi yenye jina yako na namba ya telefone ya mutu wa nyumbani, juu ile ya inje inapasuka.

Chakula kinaingia mu bei ya biye. Kama muzee iko na sukari, ao hamukule nguruwe, ao ni mutoto, komande chakula yake mu intaneti ao kwa simu angalau masaa 24 mbele, hawaongeze bei, na mara nyingi banamuletea mbele ya bengine. Mwenye mutoto mudogo alombe kile kitanda cha kutundika ku ukuta wa mbele, viko vichache, ukilomba siku ile ile utakuta bimeisha. Kunywa maji kila banapopita, hewa ya ndeke inakausha sana, na kila masaa mbili simama utembee, miguu ya ba mama inavimba ukikaa tu.

Ku Addis tembea polepole. Muji uko karibu metre 2,300 juu, kwetu ni kama 1,200, kwa hiyo ukikimbia na begi moyo unapiga, haiko ugonjwa. Saa yao iko mbele ya Lubumbashi na saa moja, na ba Ethiopia banahesabu saa sawa Baswahili ba pwani, mutu akikuambia saa mbili asubuhi iko kusema saa 8, basi fuata ile imeandikwa ku karatasi ya kupandia na ku ma ekra. Kama eskale yako inapita masaa 8 na hakuna ndeke ya mapema, Ethiopian iko na hoteli ya bure, lakini uliza siku unanunua biye, usingoje usiku ule.

Na ndeke ikichelewa? Chunga kila karatasi na kila risiti. Ukitokea nchi ya Umoja wa Ulaya, hata na kampuni ya Afrika, sheria 261 ya 2004 inakulinda: ukifika Lubumbashi na kuchelewa masaa 3 ao zaidi kwa kosa ya kampuni, malipo inaweza kufika euro 600 kwa mutu, na mutoto mwenye kiti anahesabiwa. Ba famille ba bantu 5 banaacha ile makuta yote juu habakuandika imeli moja.

Ku Luano, valizi ikikosa, usitoke inje hata kama bantu ba nyumbani banapunga mikono. Tafuta biro ya mizigo, bakuandikie PIR, ile karatasi ya kusema valizi imekosa ao imeharibika, na utoke na kopi yenye namba. Ikifika imepasuka, uko na siku 7 za kulalamika kwa maandiko, ikichelewa siku 21 toka siku banakupatia, na ikipita siku 21 bila kuonekana inahesabiwa imepotea. Zile bipande bidogo bya namba ya valizi vyenye balibandika ku karatasi ya kupandia, bishike mu mukono, pa kutoka banaweza kulinganisha, na usibitupe mpaka valizi imefika nyumbani na mama ameifungula.