Kabla ya kuacha mazoea, yapime

Ukiuza rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) Kampala na kila asubuhi unanunua mkaa wa kopo kwa kuwa ndivyo ulivyozoea, usibadili kila kitu kwa mkupuo. Anza na mkaa peke yake. Wiki ya kwanza endelea kama kawaida, ila andika daftarini pesa ya mkaa na idadi ya rolex zilizouzwa. Kisha nunua gunia, uhesabu mpaka liishe, hata likipita wiki. Hapo ndipo wengi hukosea. Ongeza nauli ya boda boda. Tuseme gunia na nauli ni shilingi 96,000 na umeuza rolex 800: kila moja imekula mkaa wa shilingi 120. Linganisha na kopo.

Chekecha chenga za chini ya gunia, usizihesabu kama mkaa. Gunia likae juu ya mbao. Mkaa uliolowa huwaka kwa shida na kujaza moshi.

Bei na ukubwa wa chapati usiviguse kwanza, la sivyo hutajua kilicholeta tofauti. Na usipime wiki shule zinapofunguliwa, Februari, Mei au Septemba: wazazi mifuko mitupu, hesabu itakudanganya.