Kufunga kijiko cha kuvuta mbuta nyuma ya boti
Wasee wa Nairobi mnaoshuka kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria, wikendi kuvua mbuta (sangara) kwa kijiko, yaani chambo cha chuma kinachovutwa na boti, kabla hata injini iwashwe weka swiveli (kiungo kidogo kinachozunguka) kati ya laini kubwa na lida (kipande cha laini cha mwisho kinachoshika kijiko), chukua ile ya beringi hata kama bei imesimama, juu kijiko kikianza kuzunguka bila hiyo laini yote inajisokota na siku imeisha. Lida iwe nailoni nene, kama mita moja na nusu hivi, mdomo wa mbuta unakwaruza kama msasa na kifuniko cha mashavu kinakata. Kijiko usikibane na fundo, tumia klipu kicheze. Kishushe kando ya boti ukiangalie, kikiyumba huku na huku mwendo uko sawa, kikizunguka tu mwambie jamaa wa injini apunguze. Zile flasha za salmoni za Kanada (vibao vya kung'aa vya kuita samaki), mimi huku sioni kazi yake. Ndoano ikiwa butu, piga tupa.