Somo: Udongo wa ploti yako umekunywa nini?

Swali ninaloulizwa kila wiki ni moja: "Sachi imetoka safi, tulipe?" Sachi, yaani upekuzi wa rekodi za ardhi, hata ile ya Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni, hukuonyesha mwenye ploti na kama imewekwa rehani. Haikuonyeshi aliyemwaga oili chafu hapo miaka kumi mfululizo. Uchunguzi wa hilo la pili huitwa tathmini ya mazingira ya ploti. Msiuchanganye na ile tathmini ya athari ambayo NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, hudai kabla ya ujenzi: ile hutazama mbele, mradi utafanya nini. Hii hutazama nyuma.

Hatua ya 1: Chimba historia. Survey of Kenya, idara ya serikali ya upimaji kule Ruaraka, Nairobi, wana ramani za zamani na picha za angani. Google Earth nayo hukurudisha miaka ya nyuma bila malipo. Tafuta gereji, stesheni ya petroli, kiwanda cha ngozi, mahali pa kuyeyushia betri. Tafuta pia shimo. Upande wa Njiru na Kayole kuna machimbo ya mawe, na chimbo likishaachwa hufukiwa kwa chochote kilichopo, takataka zikiwemo, kisha murram humwagwa juu. Ploti inakaa tambarare kama meza, kumbe chini taka zinaoza, zinatoa gesi, na ardhi inatitia.

Hatua ya 2: Ongea na watu. Hii nilijifunza kwa aibu. Nilitumwa kukagua ploti moja karibu na Industrial Area, asubuhi ya baridi ya Julai. Nikanusa, nikapiga picha, nikaandika kwamba sikuona dosari. Mafundi walipochimba msingi, futi ya tatu ikatoka nyeusi, inanuka dizeli. Bawabu wa lango la ng'ambo akatucheka: malori ya mafuta yalikuwa yakioshewa pale tangu yeye ni kijana. Angeniambia yote kwa kikombe cha chai. Siku hizi namwanzia bawabu, kisha mama wa kibanda, kisha mwenye ploti.

Hatua ya 3: Tembea, tena mchana wa jua kali, maana joto huamsha harufu. Angalia bomba jembamba lililosimama wima bila kazi. Huenda ni la kupumulia tangi lililozikwa. Angalia udongo mwekundu mahali ambapo majirani wote wana udongo mweusi. Huo umeletwa, uliza unafunika nini. Paa la asbesto kuukuu nalo liandike, kwa sababu kulibomoa kiholela ni kujitakia vumbi la saratani. Halafu toka nje ya ua. Petroli ikivuja huelea juu ya maji ya ardhini na kusafiri nayo, kwa hiyo stesheni iliyo juu yako kwenye mteremko ni shida yako pia.

Hatua ya 4: Pima umbali wa mto. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka marufuku ya ujenzi kando ya mto, kila upande, kwa upana usiopungua mita 6 wala kuzidi 30, kwa kufuata alama ya juu kabisa ya mafuriko. Mnakumbuka Agosti 2018, majengo ya Kileleshwa, Westlands na Langata Road yalivyoangushwa.

Hatua ya 5: Ripoti. Awamu ya kwanza ni karatasi, macho na mahojiano tu. Shaka ikibaki ndipo unaingia awamu ya pili: kutoboa ardhi na kupeleka sampuli maabara. Mtindo huu tumeuazima Marekani, ambako sheria ya mwaka 1980 inaweza kumlipisha mwenye ardhi wa leo gharama za kusafisha hata kama si yeye aliyechafua. Fanyeni yote haya kabla ya ile asilimia 10 ya bei, malipo ya kwanza, kutoka mfukoni, na wakili aandike kwenye mkataba kwamba matokeo mabaya yanakuruhusu kujitoa na pesa zako.

MASWALI YA WANACHAMA (kila mmoja kwa jina la mtaa wake)

*Utawala:* Mwalimu, muuzaji ana leseni ya NEMA ya ghorofa. Si inatosha?

Haitoshi, ndugu yangu. Leseni imeruhusu ghorofa. Muombe ile ripoti iliyoizaa leseni, usome sehemu ya hali ya ardhi kabla ya mradi. Mara nyingi ni aya mbili.

*Ruai:* Mimi nanunua ploti ya futi hamsini kwa mia, ya kujenga nyumba yangu. Niajiri mtaalamu?

Kama palikuwa malisho na hakuna dalili, hapana. Hatua ya 1 hadi 4 utazimaliza mwenyewe kwa siku moja. Pesa ya mtaalamu iweke kwenye kupima maji ya kisima. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi, na hiyo ni ya miamba yenyewe, haijamwagwa na mtu.

*Kariobangi:* Mimi ndiye muuzaji, baba alikuwa na gereji hapo. Nikipima si najichongea?

Dada, gereji mtaa mzima unaikumbuka, kwa hiyo mnunuzi ataijua. Usipopima, atakisia hasara kubwa kuliko iliyopo na kukupunguzia bei kwa kisio lake. Anza na pale palipokuwa shimo la kubadilishia oili na pale maji ya betri, yaani asidi, yalipokuwa yakimwagwa. Kama uchafu umekaa sehemu moja, utajua ni udongo kiasi gani wa kuondoa, na hiyo ndiyo hesabu ya kwenda nayo mezani.