Jinsi ya kukagua rola-kosta ya mbao: anzia chini ya reli

Tarehe 9 Julai 2006, treni ya Son of Beast, rola-kosta ya mbao (njia ya burudani ambamo treni hupanda na kuteremka kwa kasi) katika bustani ya burudani ya Kings Island, mjini Mason, jimbo la Ohio, Marekani, ilipita mahali ambapo mbao za kubeba reli zilikuwa zimepasuka. Reli ikabonyea, magurudumu yakaingia kwenye mbonyeo na kutoka kwa kishindo. Abiria 27 waliumia, wengi wao shingoni na kifuani. Treni haikutoka relini. Mtu aliyesimama juu ya njia na kutazama pekee bapa la chuma linalopitiwa na magurudumu angeweza kupita pale bila kushtuka, kwa sababu ubovu ulikuwa chini yake.

Ndiyo sababu mwongozo huu unaanzia chini. Son of Beast ilifunguliwa mwaka 2000 ikiwa rola-kosta ya mbao ya kwanza kuvuka futi 200: kimo cha mita 66, mwendo wa kilomita 126 kwa saa, njia ya mita 2,143, na kitanzi cha kupindua watu kichwa chini. Kitanzi chenyewe kilikuwa cha chuma. Watu wengi wanakumbuka kitanzi hicho wakidhani ndicho kilichowaumiza abiria. Sicho. Kilichoshindwa ni mbao za kawaida, zenye kazi ya kawaida ya kubeba mzigo.

Kabla ya kugusa chochote

Zima umeme wa mnyororo unaovuta treni na wa breki, funga swichi kuu kwa kufuli, na kila anayepanda aweke kufuli lake na abaki na ufunguo wake mfukoni. Watu wawili wapande pamoja, na mikanda ya usalama ifungwe kila mnapotoka kwenye ubao wa kupitia. Siku ya mvua au barafu, kaguzi za chini tu.

Fremu zote, yaani nguzo na boriti zilizofungwa pamoja kubeba reli, ziwe na namba, kuanzia kituoni, kwa rangi isiyofutika. Bila namba huwezi kulinganisha leo na mwezi uliopita, na ukaguzi usiolinganishwa hauna faida kubwa. Andika "fremu 214, nguzo ya nje, boriti ya tatu kutoka chini", si "karibu na kona kubwa".

Chini: nguzo, boriti, mishazari

Vifaa ni vichache: nyundo ndogo, bisibisi nyembamba, kipima unyevu wa mbao chenye pini, chaki, tochi, pimamaji, uzi wa fundi, ubao ulionyooka wa mita 3, na spana ya kupimia mkazo.

Anza na miguu ya nguzo. Pale mbao inapokutana na zege ndipo maji hutuama, na ncha ya mbao hunywa maji haraka kuliko ubavu wake. Chomeka bisibisi. Mbao nzima huikataa. Ikizama zaidi ya milimita 5 bila nguvu, hapo pameanza kuoza, hata kama rangi ya nje inang'aa. Gonga kwa nyundo kuanzia chini kwenda juu: mbao nzima hulia kwa sauti kavu, iliyooza ndani hulia kwa sauti nzito iliyokufa. Sikiliza mahali sauti inapobadilika na uweke alama ya chaki hapo. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 kwa kawaida haiozi, kwa hiyo kipimo cha asilimia 25 au 28 ni onyo hata kabla hujaona uozo wowote.

Kisha bolti. Hapa ndipo mafundi wengi wapya wanapokosea, wakidhani nati imelegea kwa mtikisiko peke yake. Mbao hupungua inapokauka, karibu yote kwa upana wake, si kwa urefu. Chukua kiungo chenye unene wa sentimita 20 wa msonobari kikikauka kutoka unyevu wa asilimia 25 hadi 13: kitapungua kama milimita 6. Bolti haikusogea hata kidogo, lakini sasa ina nafasi ya milimita 6 ambamo boriti inacheza kila treni inapopita. Kila mchezo mmoja unapanua tundu. Jaribio ni rahisi: shika washa, kile kipete bapa kilicho chini ya nati, kwa vidole. Ikizunguka, kiungo kimelegea. Mbao mpya zikague hivi kila wiki kwa msimu mzima wa kwanza, kwa sababu ndipo zinapokauka zaidi.

Nyufa nazo zina aina zake, na kuzichanganya ni hatari. Ufa wa kukauka hufuata nyuzi za mbao, hauvuki upande wa pili, na hauongezeki haraka. Andika urefu wake, weka mstari wa chaki kwenye ncha zake mbili, endelea. Ufa unaounganisha tundu la bolti na ncha ya boriti ni jambo jingine: kiungo hicho kimeanza kuachia, na lazima kirekebishwe kabla ya abiria kupanda. Na ufa unaokata nyuzi, hasa upande wa chini wa boriti ya mlalo au unaopita kwenye kifundo, unafunga njia nzima siku hiyo hiyo. Usisubiri maoni ya pili ndipo ufunge. Funga kwanza.

Angalia pia vumbi jipya la mbao lililokusanyika juu ya boriti ya chini, lenye rangi ya manjano mbivu. Hilo ni unga wa vipande viwili vinavyosuguana. Ukilifuta leo na kesho asubuhi ukalikuta tena, umeshapata kiungo kinachocheza.

Tazama ikitembea

Njia ya mbao hutikisika, na inapaswa kutikisika. Imejengwa ili ipokee nguvu kwa kunyumbuka. Kinachotafutwa ni vipande viwili vinavyoachana. Endesha treni tupu, simama nje ya uzio, elekeza kamera kwenye fremu moja kwa mapito matatu. Fremu nzima ikienda na kurudi kwa pamoja, sawa. Boriti ikitangulia na nguzo ikifuata, au mwanga ukionekana na kupotea kati yao, rudi pale na spana.

Maeneo ya kupewa muda mrefu ni mguu wa kila mteremko mkubwa, mizunguko ya mfululizo, na mahali ambapo reli inainuka mara tu baada ya kona.

Juu: kupima mbonyeo

Reli ya mbao ni tabaka za mbao zilizolazwa juu ya mataruma, mara nyingi 8, kila moja ya milimita 38, na viungo vya tabaka moja havikutani na vya tabaka nyingine. Juu kabisa kuna bapa la chuma la magurudumu ya kubeba. Ubavuni na chini ya mbao za juu zilizotokeza kuna mabapa mengine, ya magurudumu ya pembeni na yale yanayozuia treni kuruka. Kagua skrubu zilizoinuka, nyufa za chuma zinazoanzia kwenye matundu ya skrubu, na alama zinazong'aa kuliko kwingine: pale gurudumu linapiga badala ya kubingirika.

Mbonyeo unapimwa hivi. Kwenye sehemu iliyonyooka, vuta uzi juu ya bapa kati ya pointi mbili nzima na pima kina cha katikati; kwenye miinuko na mipindo, tumia kiolezo kilichokatwa kwa umbo la mchoro wa njia. Pima urefu wa mbonyeo na kina chake, kisha fanya hesabu hii: zidisha urefu kwa urefu, kisha gawanya kwa kina kilichozidishwa kwa 8, vyote kwa mita. Hiyo ndiyo nusu kipenyo ya mbonyeo. Kisha zidisha mwendo wa treni kwa mwendo wenyewe, kwa mita kwa sekunde, gawanya kwa nusu kipenyo, kisha gawanya kwa 9.81. Jibu ni mara ngapi ya uzito wake abiria anaongezewa ghafla.

Mbonyeo wa kina cha sentimita 3 uliosambaa kwa mita 6, treni ikienda mita 25 kwa sekunde: mara 0.4. Abiria atasema njia inarusharusha. Kina hicho hicho cha sentimita 3, lakini ndani ya mita 3 tu: mara 1.7. Hapo shingo zinaumia. Na mbonyeo huo mfupi ukiwa mahali treni inapopita mita 35 kwa sekunde, mwendo wa juu kabisa wa Son of Beast, jibu ni mara 3.3, juu ya uzito ambao mpindo wenyewe tayari unamkandamizia abiria. Hii ndiyo sababu kina peke yake hakitoshi kwenye fomu ya ukaguzi. Fomu yenye safu ya kina bila safu ya urefu na ya mwendo irekebishwe.

Hesabu hiyo inaeleza pia gharama ya rekodi. The Beast, jirani yake iliyofunguliwa mwaka 1979 katika bustani hiyo hiyo, huenda kama kilomita 104 kwa saa. Son of Beast ilizidi mwendo huo kwa karibu asilimia 21, lakini kwa treni ya uzito uleule na mpindo uleule, mkazo kwenye mbao huzidi kwa karibu asilimia 47. Mbao na bolti haziongezeki nguvu kwa sababu mchoro wa njia umeongezewa kimo. Na The Beast imedumu, si kwa bahati: kabla ya msimu wa 2022 ilivuliwa na kuwekewa reli mpya kwa zaidi ya mita 600.

Kurekebisha

Boriti iliyokatika nyuzi haibandikwi kipande cha pembeni na kuachwa. Inaondolewa. Weka jeki mbili chini ya fremu za kila upande, inua taratibu mpaka uzi uonyeshe reli imerudi kwenye mstari, usipitishe hapo, kaza kabari, ndipo utoe boriti. Mbao mpya iwe imetiwa dawa na kukaushwa tena hadi chini ya asilimia 19. Ukiweka mbichi, utarudi kukaza bolti zote baada ya miezi michache.

Kwa bolti ya milimita 16, tundu lizidi bolti kwa milimita 1 hivi. Acha angalau milimita 64 kati ya bolti na bolti kufuata nyuzi, na milimita 112 kutoka bolti hadi ncha ya mbao inayovutwa. Ukizisogeza karibu kuliko hapo, unaanzisha ule ufa wa tundu hadi ncha. Usichonge boriti ili iingie mahali pake, kata upya.

Kipande kimoja kikishavunjika, kagua vyote vinavyofanana nacho. Mzigo haupotei, huhamia kwa jirani, na jirani huyo amekuwa akiubeba tangu siku ambayo hamkuijua.

Jaribu kwa mifuko au sanamu zilizojazwa maji, zenye uzito wa abiria, treni ikiwa na kipima mtikisiko katika kiti cha kwanza, cha katikati na cha mwisho. Pima asubuhi, kisha tena alasiri grisi ikishapata joto, maana treni ya alasiri huenda kasi zaidi. Kisha pima reli kwa uzi upya.

Uzito wa treni, na malalamiko

Baada ya ajali, Kings Island waliondoa kitanzi na kuleta treni nyepesi zilizotoka kwenye rola-kosta ya mbao iliyofungwa katika mji wa Myrtle Beach, jimbo la South Carolina. Njia ikafunguliwa tena Julai 2007. Kupunguza uzito wa treni ni hatua sahihi, kwa kuwa nguvu kwenye mbao hupungua kwa kiwango kilekile uzito unavyopungua. Lakini treni nyepesi haisawazishi reli iliyokwisha kuchoka.

Juni 2009 njia ilifungwa baada ya abiria mmoja kueleza kwamba aliumia kichwani kwa kuipanda. Wakaguzi hawakukuta hitilafu. Haikufunguliwa tena, Julai 2012 ilitangazwa kuwa itabomolewa, na mwaka 2014 Banshee, rola-kosta ya chuma, ikafunguliwa mahali pake.

Kwa hiyo weka daftari la malalamiko lenye namba ya treni, safu, upande wa kiti, saa, na mahali abiria anaposema alipigwa. Viti vilivyo juu ya magurudumu hutikisika zaidi, kwa hiyo malalamiko ya safu hizo pekee yapeleke kwa fundi wa magurudumu kwanza. Yakitoka safu mbalimbali na treni zote, lakini yanataja mahali pamoja, chukua namba ya fremu, chukua tochi, uingie chini ya hiyo fremu kabla treni inayofuata haijaondoka.